Je, Kipimo Sahihi Ndicho Haki?

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani ya kuwa haki na usawa ni kitu kimoja, na kwamba mtu akiisha kupata chombo cha kupima sawasawa, basi amekwisha ijua haki. Dhana hiyo yafaa kuchunguzwa, na katika elimu ya tiba ya siku zetu umo mfano unaoifafanua vizuri.

Wako watu ambao kiungo chao cha nyonga kimelika kwa maradhi au kwa uzee, hata kila hatua ikawa ni maumivu. Mwaka 1962 tabibu Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, alianza kutumia kiungo bandia kilichofaulu: kichwa kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Tangu hapo viungo vya namna hii vimewarudishia mwendo mamilioni ya watu. Daktari hukata kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika, hukwangua tundu la nyonga na kutia kikombe, kisha huingiza shina la chuma ndani ya mfupa wa paja. Sasa fahamu kwamba mahali kikombe kinapokaa, na kina cha lile shina, na urefu wa shingo yake, hayo yote ndiyo yanayoamua urefu wa mguu. Kwa hiyo mtu aweza kutoka hospitali bila maumivu, lakini mguu wake mmoja ukawa mrefu kuliko mwenziwe.

Hapo awali daktari alitegemea picha za eksirei, na alipokuwa mezani alilinganisha magoti na visigino vya mgonjwa aliyefunikwa shuka. Kukosea kwa sentimita nzima hakukuwa jambo la ajabu. Tangu miaka ya 1990 imetokea njia ya kuongozwa na kompyuta. Alama hufungwa kwenye fupanyonga na kwenye mfupa wa paja, kamera huzifuata kwa miali isiyoonekana kwa macho, na kompyuta huhesabu papo hapo mguu umerefuka au umefupika kwa milimita ngapi.

Hapa ndipo linapozuka swali letu. Je, daktari awezaye kuzijua milimita anawajibika kuisawazisha miguu katika kila hali? Wengine watajibu upesi: Ndiyo, kwani aachaye kusawazisha hali anaweza ni mzembe. Hoja hiyo yapendeza kwa nje. Na tuitazame kwa ndani.

Kwanza, kompyuta hupima kile tu inachoonyeshwa. Daktari ndiye anayeijulisha sehemu za mfupa za kuanzia hesabu. Akigusa mahali pasipo, itatoa hesabu safi juu ya msingi mbovu.

Pili, mifupa iliyo sawa si lazima ihisiwe kuwa sawa. Mtu ambaye uti wake wa mgongo umepinda, na fupanyonga lake limeinama kwa miaka mingi, aweza kuuona mguu mmoja mfupi ingawa mifupa imelingana. Kinyume chake, watu wengi wenye afya wana tofauti ya milimita chache nao hawana habari. Kwa kawaida tofauti isiyofika sentimita moja huvumilika. Ikizidi hapo, wengi huanza kuisumbukia, na wengine huchechemea.

Tatu, kiungo kilicholegea huteguka. Pengine daktari hana budi kuurefusha mguu kidogo ili misuli ikaze na kichwa kisichomoke katika kikombe. Lakini akiurefusha kupita kiasi, mishipa ya fahamu huvutwa, nayo yaweza kudhurika. Basi haki ni ipi? Ni kumpa mgonjwa miguu iliyolingana na nyonga inayoteguka, au kumpa nyonga imara na milimita chache za ziada?

Jibu ni kwamba mgonjwa hakuja kutafuta namba, bali alikuja kutafuta mwendo. Mwendo wake ndio amana iliyowekwa mikononi mwa daktari. Kipimo ni shahidi, wala si hakimu. Shahidi mkweli ni lazima asikilizwe, na ampuuzaye anadhulumu. Lakini kutoa hukumu si kazi yake.

Huenda mtu akauliza: Je, mzembe hatajificha nyuma ya maneno haya na kusema kwamba aliurefusha mguu kwa ajili ya uimara? Swali hili ni la haki. Lakini tofauti ya sababu na udhuru hujulikana kwa wakati wake: sababu hutajwa kabla ya tendo, udhuru hutafutwa baada yake. Daktari mwadilifu humwambia mgonjwa kabla ya kushika kisu ya kuwa atautafuta usawa kwa bidii, ila uimara utatangulia, na huenda baadaye ikahitajika soli ya kuinulia kiatu kimoja. Upasuaji ukiisha, humwonyesha namba kama ilivyo. Huko Marekani tofauti ya urefu wa miguu imekuwa miongoni mwa mambo yanayowafikisha madaktari mahakamani baada ya upasuaji huu. Aliyeambiwa mapema aweza kuipokea tofauti hiyo kuwa ni gharama ya tiba. Asiyeambiwa huiona kuwa ni hila.

Tena zingatia kwamba chombo kipya hakikumpunguzia daktari mzigo, bali kimemwongezea. Yule wa zamani aliyekosea sentimita bila kujua alikuwa na la kujitetea. Huyu wa leo, aliyeiona namba kwa macho yake kisha akainyamazia, hana. Elimu inapozidi, wajibu nao huzidi.

Nawe msomaji, huenda usishike kamwe kisu cha mpasuaji. Lakini ukiwa mzazi unagawa, ukiwa mwalimu unasahihisha, ukiwa mwuzaji unapima. Usidhani kwamba kulinganisha mafungu kunakutosha. Pima sawasawa, kisha ujiulize kipimo hicho kinamfaa nani. Na lile usiloweza kulisawazisha, liseme waziwazi kabla hujaulizwa.