Twiga Sita wa Wajir: Je, Ni Vibaya Kuwalilia?



Kuna picha moja ya Desemba 2021 ambayo wengi mtakuwa mmeiona kwenye simu. Imepigwa kutoka juu: twiga sita wamelala kwenye udongo mkavu karibu na kijiji cha Eyrib, Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, shingo zimepinda huku na kule. Walikuwa wa hifadhi ya Sabuli. Njaa na kiu zilikuwa zimewamaliza nguvu, wakaenda kunywa kwenye bwawa lililobakiza maji kidogo sana, wakanasa topeni. Mizoga ikaja kuondolewa pale ili isichafue maji.

Niliirusha kwenye grupu letu la vijana parokiani. Mwenzetu mmoja akajibu: "Watu wa huko wana njaa, wewe unalilia twiga?"

Nilinyamaza, maana hakuwa amekosea kabisa. Septemba ya mwaka ule serikali ya Kenya ilishatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Na Katekisimu yenyewe, namba 2418, inakataza kumtesa mnyama bila sababu, halafu papo hapo inasema haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuwaondolea watu taabu. Nendeni mkasome. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la Kikatoliki, si ukorofi.

Ila halikunitoka kichwani. Nikaanza kusoma habari za twiga, nikagundua kwamba si mnyama wa kukimbilia maji. Maji yake mengi anayapata kwenye majani, hasa ya migunga, na anaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa. Kunywa kwenyewe ni kazi kwake. Pamoja na urefu wote ule, akisimama wima mdomo haufiki chini. Lazima atanue miguu ya mbele ndipo ainame, na hapo ndipo anapokuwa rahisi kwa simba. (Shingo ile ina mifupa saba tu, jamani, sawa na yako.) Sasa ukiona twiga ameingia topeni, ujue majani yameisha. Na yakiisha kwa twiga, mbuzi na ngamia nao wako taabani, na nyumba inayoishi kwa maziwa yao inalala njaa. Watu wa uhifadhi kule walieleza pia kwamba kilimo kando ya mito kilikuwa kimewazibia wanyama njia ya kufika majini.

Hapo ndipo nilipoona swali la mwenzetu lilipoteleza. Lilitufanya tuone kana kwamba mtu na twiga wanagombea kikombe kimoja, na machozi nayo ni ya kugawana. Lakini mizoga ile iliondolewa kwa sababu kiumbe mwingine alikuwa anayategemea maji yale yale. Kiu ilikuwa moja.

Nisijifanye mtakatifu lakini. Kuna mahali kikombe kinagombewa kweli. Hapa kwetu Tanzania twiga ni mnyama wa taifa, kumwua ni kosa la jinai, na bado ananaswa kwa mitego ya waya. Twiga mmoja ni mamia ya kilo za nyama. Baba ambaye watoto hawajala siku mbili, mimi sina ujasiri wa kumhukumu. Nyama inayosafirishwa usiku kwenda kuuzwa mjini, hiyo si njaa ya mtoto tena, hiyo ni biashara, na biashara ina wateja. Tuseme ukweli: ukiletewa nyama pori ya bei poa, unauliza imetoka wapi?

Tumemzoea mno twiga, nadhani. Yuko kwenye mkia wa ndege za Air Tanzania, timu ya taifa ya wanawake ni Twiga Stars, basi tunadhani wapo tele. Mwaka 1985 Afrika ilikadiriwa kuwa na twiga zaidi ya 150,000. Kufikia 2015 walikuwa chini ya 100,000, na mwaka uliofuata wakaingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Jike hubeba mimba miezi 15, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Hesabu hiyo hairudi haraka.

Nikarudi kwenye kitabu cha Yona. Ni kifupi, dakika kumi unamaliza. Mfalme wa Ninawi anapotangaza mfungo, wanyama nao hawali wala hawanywi maji. Na mwishoni, Mungu anapomweleza Yona kwa nini anauhurumia mji ule, anataja watu, halafu anataja na wanyama. Kitabu kinaishia hapo hapo, kwa wanyama.

Jumapili iliyofuata nilipangiwa kusoma sala ya waamini. Nikaombea mvua kwa ajili ya watu wa Wajir na mifugo yao. Twiga nilikuwa nimewaandika kwenye karatasi. Nilipofika pale nikamwona mwenzetu ameketi benchi la pili, nikaona aibu, nikawaruka. Niliwataja kimoyomoyo, nikirudi kukaa.