Milele Yako Ina Siku Ngapi?

Tumsifu Yesu Kristo!

Najua umejibu, "Milele na milele, amina." Mimi pia nilikuwa najibu hivyo, kumbe rozari nilishaiacha tangu matokeo ya kidato cha nne yalipotoka vibaya. Milele yangu iliishia hapo.

Kijana mwenzangu, tusichanganye maneno. Kuvumilia ni kubeba mzigo. Hata asiyesali huvumilia, maana hana namna. Kudumu ni kubaki. Matendo 2:42 inatuonyesha Wakristo wa kwanza wakidumu katika sala, pamoja.

Huku kwetu Dindira, milimani Korogwe, tutazame chai. Inachumwa leo, baada ya siku chache inachumwa tena. Ikipogolewa vinabaki vijiti tu, na bado inachipua. Kwa nini? Mizizi haijahama.

Nami nilirudi kwa Salamu Maria moja tu, usiku, hasira zikiwa bado zipo. Matokeo hayakubadilika. Ila sasa nilikuwa na wa kumlilia.

Basi leo usiku sali hiyo moja. Kesho tena. Ukikosa siku, usihame, rudi.

Tumsifu Yesu Kristo. Haya, jibu tena, taratibu.