Hapana Isiyoonyesha Njia

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anakata alama hata kama jibu ni sahihi. Onyesha njia, anasema. Mimi niliona ni ukali wa bure tu.

Kuna namba imenirudisha kwake. Chukua 2, izidishe kwa 2, tena kwa 2, mpaka hizo 2 zifike sitini na saba, halafu toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 padri Mfaransa, Marin Mersenne, aliitaja kati ya namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Dai hilo likakaa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba si tasa, inagawanyika. Inagawanyika kwa ngapi? Hapo hakuwa na jibu. Kumbe mtu anaweza kuwa na uhakika wa "hapana" bila kuwa na vigawo vyenyewe mkononi.

Mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alivileta mbele ya wanahisabati wenzake New York: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba aliandika tu ubaoni, hakusema neno. Kuvitafuta ni kazi ngumu sana, lakini kuvikagua kunataka chaki na subira. Sisi kwenye kikundi cha vijana tulijaribu. Kalkuleta ya simu ilishindwa, ikatupa namba fupi yenye herufi E. Tukafanya kwa mkono, tukakosea kubeba, jibu likakataa. Msichana mdogo kuliko wote ndiye aliyeona kosa. Mara ya pili ikatoka sawasawa.

Sasa mnielewe kwa nini siku hiyo sikulala. Kesi ya familia yetu ilirudi na mstari mmoja: haikukubaliwa. Mama aliuliza sababu, akaambiwa uamuzi umeshatoka. Mpaka leo usiku anarudia mahojiano yake kichwani. Ni tarehe? Ni jina la mjomba? Anatafuta kosa ambalo pengine halipo.

Ninyi mnaofanya kazi hapa kambini mtaniambia: hata sisi tumeletewa jibu tu, sababu hatuna. Sawa, nawaamini. Lucas naye hakuwa na vigawo. Lakini njia yake aliiacha wazi, anayetaka aifuate hatua kwa hatua. Kukosa kitu ni tofauti na kukifungia kabatini. Na sisemi hapana yetu ni ya uongo, labda ni sahihi kabisa. Nauliza tu: hapana sahihi ambayo mwenye kesi hawezi kuikagua, hiyo tuiite haki?

Nilifika nyumbani na chaki mikononi, nikamsimulia Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama huyo Lucas aliwahi kuviona hivyo vigawo.

Nikamwambia hapana, alikufa 1891.