Mti Usio na Mzimu

Yafaa tujiulize: mti usio na mzimu una mlinzi gani?

Wazee wetu wa Kinyakyusa hawakusumbuka na swali hili. Msitu wa matambiko, kama ule wa Lubaga alikotambikiwa Lwembe, haukuguswa na shoka kwa kuwa uliogopwa. Kisha sisi walimu tukafundisha kwamba mti ni mti tu. Twaamini tulifundisha kweli. Lakini hofu ikiondoka, ni nini kinachokaa mahali pake?

Wahindu, ambao wengi wetu tuliwafahamu dukani tu, wana jibu lao. Walimu wao wa Vedanta husema kwamba Roho aliyemo ndani ya mtu ndiye aliyemo katika mnyama na katika mti. Hapo hatuwezi kufuatana nao, maana twamtofautisha Muumba na viumbe vyake. Hata hivyo, tuwatazame Wabishnoi wa Rajasthan, nchi kame ya India. Mwaka 1485 Jambheshwar aliwapa amri 29, mojawapo ni kutokata mti mbichi. Mwaka 1730 watu wa mfalme wa Jodhpur walifika kijiji cha Khejarli kutafuta kuni za kuchomea chokaa ya jumba lake. Mama mmoja, Amrita Devi, akaukumbatia mti, akauawa. Wenzake wakamfuata, husimuliwa kwamba walikufa watu 363 kabla mfalme hajakataza ukataji huo.

Lakini mtu asidhani kwamba kukiita kitu kitakatifu kwatosha. Mto Ganga huheshimiwa kama mama, na uchafu wa miji humwagwa humo humo. Wabishnoi walikuwa na zaidi ya heshima: walikuwa na amri iliyojulikana kila nyumba.

Nasi tunayo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, yakataza kukata miti ya matunda hata wakati wa kuuzingira mji kwa vita. (Hatukumbuki kuisikia ikihubiriwa.)

Wengine watasema watu wanahitaji kuni. Ni kweli, mfalme naye alihitaji chokaa. Ila ziwa letu la Masoko limo katika shimo la volkano, wala hakuna mto utokao humo. Udongo ukiporomoka kutoka ukingoni, unabaki chini. Wataalamu wameyachimba matope yake, wakasoma humo habari za miti ya maelfu ya miaka iliyopita. Basi, siku kanisa lenyewe litakapotaka kuni za kuchomea matofali, na miti iliyo karibu ikawa ni ile ya ukingoni, nani kati yetu atatangulia kuikumbatia?