Insha ya Binti na Njaa Isiyokuwepo

Kila mwaka majani yanapoanza kupukutika hapa Minneapolis na Saint Paul, simu zetu huanza kulia. Ni wazazi wa Brooklyn Park, Brooklyn Center na kwingineko. Mtoto anamaliza sekondari, anaomba chuo, na chuo kinataka insha. Hawamtaki aonyeshe kwamba anajua sarufi. Wanataka ajieleze yeye ni nani kwa maneno yasiyozidi 650, na wakati mwingine pesa za ufadhili hutegemea karatasi hiyo pamoja na alama zake. Basi wazazi huwatafuta wale wanaosifika kwa kusoma. Nasi, ingawa elimu yetu ni ya uhandisi tu na tuliipatia huku ughaibuni, tumejikuta tumehesabiwa humo.

Msimu mmoja walikuja kwetu binti na mama yake. Shikamoo zilipokwisha na chai ikamiminwa, binti akatoa karatasi mbili. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Insha ilieleza jinsi bibi yake huko Kilimanjaro alivyotembea maili kumi kila siku kuteka maji, alivyolala njaa ili baba wa binti asome, na jinsi mjukuu naye anavyoihisi ndoo ile kichwani mwake kila apitapo kwenye korido za shule ya Minnesota.

Tatizo ni kwamba bibi yule tunamfahamu. Ana bomba uani, ana migomba na ng'ombe watatu, na kwa miaka mingi aliuza vitenge Moshi mjini. Krismasi moja tulikula pilau kwake mpaka tukashindwa kuinuka. Tukamwuliza binti kwa upole, hiyo njaa ilikuwa mwaka gani? Akatazama meza. Aliyejibu ni mama yake: "Shemeji, huku ndivyo wanavyotaka. Wakisikia Afrika wanaitafuta ndoo. Tuwape ndoo, mtoto asome."

Tusimhukumu haraka mama huyu. Anafanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na wiki nyingine huunganisha zamu mbili. Ameiona ada ya chuo kwa macho yake. Na nani kati yetu ambaye hajawahi kuipaka rangi barua ya kuomba kazi? Lakini swali lilibaki pale mezani pamoja na vikombe: je, ni haki kujitungia mateso ambayo hayakutokea ili maandishi yako yatazamwe? Na kama mateso hayo umemtwika mtu mwingine, aliye mbali, ambaye hakuulizwa na wala hatasoma, je, hujachukua kitu chake?

Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, aliigusa biashara hii ya ndoo mwaka 2005, katika makala yake ya kejeli iliyotoka katika jarida la Granta la Uingereza. Alijifanya anawafundisha waandishi jinsi ya kuiandika Afrika: wasiache njaa, wasiache machweo, wasimwonyeshe Mwafrika wa kawaida mwenye kazi na nyumba. Ilisomwa dunia nzima. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba maneno yale yalianza kama barua ya hasira kwa mhariri wa jarida lilelile, akilalamikia toleo lao la zamani kuhusu Afrika. Hakuketi kutunga kitu cha kumpa umaarufu. Alikuwa akimwambia mtu mmoja kwamba amekosea, na alikuwa na hakika ya anachosema. Kitabu cha kumbukumbu za maisha yake kilitolewa Marekani mwaka 2011 na Graywolf Press, shirika la uchapishaji la hapa hapa Minneapolis, kwa hiyo anayedhani kwamba huku husomwa ndoo peke yake ana ushahidi wa kinyume hatua chache kutoka nyumbani kwake.

Hata hivyo hoja ya mama ina uzito, na sisi wahandisi ndio wa mwisho kuidharau. Andiko lisiloonwa halimsaidii mtu. Waliokuwa hapa wanaikumbuka jioni ya tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara ya I-35W lilipoanguka katika mto Mississippi na magari juu yake. Watu 13 walikufa na 145 waliumia. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1967. Uchunguzi uliokamilika mwaka 2008 ulikuta kwamba mabamba ya chuma yaliyofunga baadhi ya maungio yake yalikuwa na unene wa nusu inchi mahali palipotakiwa inchi nzima. Kosa lilifanyika mezani, kwenye mahesabu na michoro, likakaa kimya kwa miaka 40, mpaka siku ile ambapo vifaa na kokoto za ukarabati vilirundikwa juu ya sehemu hiyohiyo. Lakini kuna jambo moja katika uchunguzi ule ambalo halituachi. Zilipatikana picha za mwaka 1999 na za mwaka 2003 ambamo baadhi ya mabamba yanaonekana yamepinda. Daraja lilikuwa likikaguliwa na ripoti zikiandikwa; macho yalikuwa kwenye kutu na nyufa. Kupinda kule hakukupata sentensi iliyomfanya mtu asimamishe kazi na kuuliza kwa nini.

Nasi tusijifanye watakatifu. Zamani tuliwahi kuandika ripoti ya kurasa 40 kuhusu mitambo ya pampu katika kiwanda kimoja, na kasoro kubwa tuliyoiona tukaiweka ukurasa wa 31, katikati ya aya, baada ya shukrani nyingi kwa mkubwa aliyechagua pampu hizo. Tuliita adabu, kumbe ulikuwa woga. Pampu zilikufa msimu uleule. Hakuna aliyeumia, ila pesa nyingi zilipotea, na tulipoitwa kujieleza tukafungua ukurasa wa 31 kwa fahari: si tuliandika! Mzee mmoja mle ndani akatutazama akasema, "Mliandika ili mjikinge." Hatukuwa na la kujibu.

Kwa hiyo kutafuta kuonekana si dhambi. Kuna wakati kujificha ndiyo dhambi. Ila inabidi mwandishi ajiulize anataka kionekane nini, yeye au lile jambo, na kama ni lile jambo, lipo kweli?

Turudi mezani. Tulimwuliza binti swali moja ambalo tangu siku hiyo tunawauliza wote: ni kitu gani umewahi kuandika ambacho ungekikosea, mtu angeumia? Akasema hakuna, ni kazi za shule tu. Mama yake akacheka. "Na daftari la mchezo je?"

Tukaambiwa habari yake. Kina mama 14 wana mchezo, yaani upatu, kila mmoja anatoa dola 200 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea. Binti ameshika daftari tangu ana miaka 13, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri na hana upande. Mwaka mmoja mama mkubwa wake, mtu mzima anayeheshimiwa, alikosa kutoa miezi miwili mfululizo. Wenzake wote walinung'unika na hakuna aliyethubutu kumwandikia. Wakampa mtoto kazi hiyo. Ilibidi aandike ujumbe kwa Kiswahili, kwenye simu, kwa mwanamke aliyemfundisha kutembea, kumdai dola 400 bila kumvunjia heshima.

Aliandika mara tano, na zote anazikumbuka. Ya kwanza ilisikika kama barua ya benki. Ya pili ilikuwa na salamu nyingi hata deni likapotea. Ya tatu aliomba msamaha kana kwamba mdaiwa ni yeye. Ya nne ilikuwa na methali, akaifuta kwa sababu aliona methali ile inamcheka mtu. Ya tano ilimwamkia, ikamwuliza hali yake na kweli kutaka kujua, ikataja kiasi na tarehe, ikamweleza kwamba anayefuata kupokea ana baba mgonjwa nyumbani anayesubiri pesa hizo. Basi. Kesho yake mama mkubwa alikuja mwenyewe na nusu ya fedha ndani ya bahasha, akasema kazini wamempunguzia saa na alikuwa ameona aibu kusema.

Sisi tukatazamana. Kumbe mtoto amekaa na insha hii miaka minne, na alikuwa anakwenda kuazima njaa! "Lakini anko," akasema, "hayo ni mambo ya kina mama tu."

Ukitaka ushauri wetu wa uandishi, ndugu msomaji, sehemu kubwa imo katika zile nakala tano. Kila aliyofuta alijua ameifuta kwa nini, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu mbele yake. Sisi wengi tunaandika bila uso. Tunaandikia "wasomaji", kwa hiyo maneno yanakuwa makubwa na hayamfikii mtu. Chagua mtu mmoja unayemheshimu na asiyekuogopa, umwandikie yeye. Soma kwa sauti ukiwa peke yako jikoni. Pale ulimi unapokwama, msomaji naye atakwama. Aya ya kwanza mara nyingi ni kukohoa tu kabla ya kusema, ikate uone kama kuna kilichopungua. Na usimpe mama yako akusahihishie, mpe mtu ambaye hatakuonea huruma.

Shaaban Robert, ambaye wengi wetu tulimkariri shuleni, alikuwa karani wa serikali aliyeandika baada ya saa za kazi. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilichapishwa na TUKI mwaka 2002, miaka 40 baada ya kufa kwake. Ni barua za mtu mmoja kwa mtu mmoja. Sisi tunathubutu kusema kwamba anayetaka kujifunza nathari aanze na barua.

Lilibaki jambo gumu. Mwenzetu mmoja pale mezani, mwalimu mstaafu, aliuliza: mama mkubwa naye amekubali kuanikwa? Swali la haki kabisa. Ukweli nao ni mali ya watu. Tukamwambia binti aende akaombe ruhusa, tena kwa mdomo wake, asitume ujumbe. Akaenda. Mama mkubwa alikubali kwa sharti kwamba jina lisitajwe, kiasi kibadilishwe, na lile la kupunguziwa saa liachwe. Mwalimu hakuridhika. Akasema basi tumerudi kulekule, insha ina visivyo kweli, ina tofauti gani na ndoo? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Sisi tulisema kuficha jina kunamkinga mwenye habari, na kutunga njaa kunamtumia asiye na habari. Alikubali nusu. Hata sisi, tukiifikiria usiku, hatuna uhakika kwamba mpaka huo una unene wa inchi nzima.

Kuhusu kuonekana kwa nyinyi mnaoandika kwa Kiswahili, tusiseme milango imefungwa. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilipokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na katika awamu ya kwanza, mwaka 2015, ushairi ulishindwa na Mohammed Ghassani kwa diwani yake N'na Kwetu. Ghassani ni mtu wa Pemba, na alikuwa akiishi Ujerumani. Ugenini kwake ndiko kulikompa cha kusema. Upande wa pili yupo Abdulrazak Gurnah wa Unguja, aliyeandika kwa Kiingereza na kupata Nobeli mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994, na watu wa kwao wakaja kuisoma kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mwaka 2022. Hesabu mwenyewe wamengoja miaka mingapi. Hatumlaumu; mtu huandika kwa lugha inayomjia mkononi. Ila anayeandika ajue nani atasubiri.

Na hapa mjini lipo jengo la Open Book, barabara ya Washington Avenue, ambamo Loft Literary Center wanafundisha uandishi. Tumewahi kwenda mara mbili. Mara zote mbili tulikuwa peke yetu tuliozungumza Kiswahili, na theluji tukaikuta imefunika gari.

Binti alipeleka insha ya mchezo vyuo viwili. Kimoja kilimkataa. Kingine kilimkubali na kumpa ufadhili wa sehemu ya ada, si yote. Siku hizi mama yake akikutana nasi hutusalimu vizuri, hutuuliza habari za nyumbani, kisha hutukumbusha, kwa kicheko ambacho hatukielewi sawasawa, kwamba ndoo ingeleta ada nzima. Bado anaunganisha zamu.