Kupatia na Kujua

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya namba alizodai kuwa ni tasa. Chukua mbili 67, uzizidishe pamoja, kisha utoe moja. Hiyo ni tasa. Fanya hivyo kwa mbili 127. Hiyo nayo ni tasa. Tasa ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi yake. (Jina halikukaa sawa: namba hiyo haikosi kuzaa, imekosa wazazi.) Ile ya 127 ina tarakimu 39.

Ilipita miaka zaidi ya 200. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa mwenziwe, akabainisha kwamba ile ya 67 si tasa, na ile ya 127 ni tasa. Kinywa kimoja, orodha moja: huku kosa, huku kweli. Je, katika hiyo iliyo kweli, Mersenne alikuwa mjuzi? Nasema hakuwa. Alipatia.

Lucas naye hakuwataja wazazi wa ile ya 67. Alijua kuwa wapo bila kuwaona. Aliyewataja ni Mmarekani Frank Cole, mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kanuni ya Lucas, kwa sura aliyoipa Lehmer baadaye, yaweza kujaribiwa kwa 31, yaani mbili tano zilizozidishwa pamoja, ikatolewa moja. Anza na 4. Izidishe kwa nafsi yake, utoe 2: ni 14. Rudia: ni 194, ambayo ukiigawanya kwa 31 hubaki 8. Rudia: ni 62, na hapo hakibaki kitu. Hatua ni tatu, mbili pungufu ya tano. Baki ikiwa sifuri, namba ni tasa. Kwa 127 hatua ni 125.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Siku moja niliwaeleza wanafunzi asili ya neno fulani kwa sauti ya uhakika, na kumbe nilikuwa nimeisikia tu. Ikatokea kuwa sahihi, nikasifiwa, nami nikaipokea sifa ile kimya. Ilikuwa sifa ya Mersenne.

Hatua tatu za 31 nimezipita kwa kalamu yangu. Zile 125 sijazipita. Kwa hiyo nikiulizwa juu ya namba ile ya tarakimu 39, hujibu kwamba Lucas ameithibitisha, kisha humwonyesha muulizaji njia ilipo.