Mtalii Kuhani Penye Mauaji ya Kimbari
Barabara kuu ipitayo Iguguno, mkoani Singida, huendelea hadi Rusumo na kuingia Rwanda, ambako mwaka 1994 Watutsi walifanyiwa mauaji ya kimbari, yaani maangamizi yanayokusudia kufuta jamii nzima. Swali ni kama mtalii aliyelipia safari ya kwenda huko aweza kuhani, yaani kuwaendea wafiwa ili kuwapa pole, au hubaki mtazamaji tu. Katika kanisa la Nyamata nchini humo, ambamo nguo za waliouawa zimelazwa juu ya mabenchi, jibu hutokana na mwenendo kuliko nia: anyamazaye na kuzima kamera amehani, ilhali ajipigaye picha (hata akilia) amegeuza masalia ya watu kuwa mandhari.